Mgeni wa Minza

Dada mmoja tuliyekuwa tunasubiri naye dawa hospitali ya Chimala aliniuliza swali ambalo daktari hakuwahi kuniuliza. Alikuwa amefungwa mkanda mgumu wa mgongo kama wangu, wake bado mpya, na alikuwa amekaa upande upande kwenye benchi kama mtu aliyekalia mwiba. Hakuuliza kama dawa zinachafua tumbo, wala kama miguu itarudi. Aliuliza, "Mtoto ulimwambia nini?"

Nilimjibu kwa kifupi maana walikuwa wananiita dirishani. Nimeona nimjibu tena hapa kwa kirefu, yeye na mwingine yeyote aliyelala chali sasa hivi anahesabu misumari ya mabati, huku mtoto wake anacheza nje bila kumjia. Mambo ya kidaktari nitayaruka. Niliyasikia nusu nusu, kwa sababu mtu mwenye maumivu husikia mwisho wa sentensi tu.

Mimi ni mke wa Masanja, wa Ubaruku. Wazazi wa Masanja walihamia huku Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na siku hizi tunafuga kidogo na kulima mpunga zaidi. Binti yetu wa kwanza tulimpa jina la mama mkwe wangu, Minza. Kwetu mtoto akirithi jina la bibi yake amerithi na heshima zake, kwa hiyo Masanja humwita binti yake "mayu", yaani mama, na bibi humwita "mwenzangu". Mimi naitwa Mama Minza. Jina nililozaliwa nalo nililisikia tena hospitalini, na mara ya kwanza sikuitika.

Maumivu yalianza msimu wa kupandikiza. Nani asiyeumwa mgongo msimu wa kupandikiza mpunga? Unainama ndani ya maji tangu asubuhi, ukijinyoosha jioni unalia kama mlango mbovu. Nilijichua dawa, nikakandwa kwa maji ya moto, nikaambiwa ni uzee unabisha hodi, nikacheka na waliocheka. Ilipofika mavuno tukahamia kambini Madibira kama kila mwaka, tukamwacha Minza na bibi yake. Alikuwa amefikisha miaka mitatu. Alisimama mlangoni na mtoto wake wa gunzi mkononi, ile midoli ambayo wasichana wetu hujitengenezea kwa gunzi la hindi na kitambaa.

"Naenda Madibira kuvuna," nikamwambia. "Nitakuletea mchele mpya."

"Haya," akasema, akaingia ndani kabla mimi sijageuka.

Mchele sikuuleta. Siku moja tukiwa tunapiga mpunga nilikaa kidogo juu ya nyasi kupumzika, na nilipotaka kuinuka miguu iligoma. Haikuuma. Ilikaa tu pale mbele yangu kama mizigo ya mtu mwingine. Masanja alinibeba hadi kwenye pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, pawatila ikatufikisha barabarani, tukafika Chimala, na Chimala wakatupeleka Mbeya. Huko ndiko tulikoambiwa kwamba ni kifua kikuu, ila kimekaa kwenye uti wa mgongo. Nikasema mimi sikohoi. Daktari akasema hiki si lazima kikohoze, na kwamba mtoto wangu sitamwambukiza kwa kulala naye. Nilimshukuru kwa hilo la pili kuliko alivyojua.

Mbeya ilikuwa kwenye baridi yake. Nililala chali, blanketi mbili, na dirisha lililokuwa linaonyesha kipande cha mlima asubuhi na ukungu saa zote zilizobaki. Nywele zangu zilikuwa ndefu, nilizisuka mwenyewe kabla ya mavuno. Kwa sababu sikuruhusiwa kukaa, zilifungamana nyuma ya kichwa hadi zikawa kama kiota, na muuguzi akaniomba ruhusa anyoe. Nilimpa bila kufikiria. Akili yangu ilikuwa miguuni, nani angejali nywele?

Dawa zilipoanza kukaa mwilini, nikahamia Iringa kwa dada yangu Kabula, ambaye ameolewa na seremala wa Kihehe. Nyumba yao ilikuwa karibu na mahali pa mazoezi ya viungo, na Masanja alitakiwa kurudi kwenye mpunga kabla haujaliwa wote na ndege. Shemeji alinitengenezea ubao wa kuweka chini ya godoro, akaupiga randa pande zote mbili, hata upande ambao hakuna mtu angeuona.

Kwenye mazoezi tulisubiri kwenye korido yenye upepo. Wanawake wa Iringa huja kliniki na sweta, shuka la kujitanda na chai kwenye chupa, kama watu wanaohamia. Siku moja mama mmoja mtu mzima alinisalimia "Kamwene", akaniona nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, vidole vya miguu viko nje. Akavua shuka lake la mabegani akanifunika miguu.

"Mama, usijisumbue," nikamwambia. "Miguu hiyo haisikii."

"Wewe ndio hausikii," akasema. "Yenyewe inasikia baridi."

Akakaa vile vile mabega wazi mpaka nilipoitwa. Nilipoingia ndani nilihisi, kwa mbali, kwenye unyayo wa kushoto, kitu kama joto. Sikumwambia mtu siku ile nisije nikaambiwa ni mawazo. Kesho yake kilikuwepo tena, na mimi nikaanza kuamini nitapona.

Kaka wa mazoezi alinifundisha kupumua. Nilijua kupumua, nilikuwa nafanya hivyo tangu kuzaliwa, lakini yeye alisema napumulia mabegani kama mtu anayekimbizwa. Aliweka bunda la bandeji juu ya tumbo langu akasema, "Liinue taratibu, literemshe taratibu. Lisianguke." Nilimwona kama ananichezea. Hata hivyo sikuwa na kazi nyingine, nikawa nafanya. Maumivu hayakuondoka, ila yaliacha kunipigia kelele, na nikaanza kusikia vitu vingine: randa ya shemeji, kwaya ikifanya mazoezi, chungu cha Kabula kikichemka.

Muda wote huo nilikuwa napiga simu nyumbani. Nikiomba kuongea na Minza, yuko kwa jirani. Yuko machungani na watoto wenzake. Amelala. Anaoga. Nikamwambia Kabula kwamba mwanangu amekuwa na shughuli nyingi kuliko mkuu wa wilaya. Tulicheka, lakini nikikata simu nilihesabu siku ambazo sijasikia sauti yake.

Nilirudi Ubaruku mwisho wa kiangazi, vumbi limepaka kila kitu rangi moja. Masanja aliniteremsha kwenye gari akaniweka sebuleni, kwenye godoro chini, juu ya ubao wa shemeji. Nilikuwa nimekonda, nywele ndiyo kwanza zinaota, na mgongoni nilikuwa na nundu ndogo ambayo ninayo mpaka leo. Hayo nilikuwa nimeshayazoea. Nilichokuwa nasubiri ni miguu midogo ikija mbio.

Ilikuja. Minza alisimama mlangoni, akanitazama, akapiga goti vizuri kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mgeni."

Nilidhani ni utani wa bibi yake. Nikaitika, nikanyoosha mikono. Yeye akanyanyuka, akatoka nje kwa heshima, na nikamsikia anatoa taarifa: "Bibi, kuna mgeni. Anaumwa."

Masanja akamrudisha. "Mayu, huyu ndio mama yako. Msalimie mama."

"Mama yuko Madibira."

"Ameshatoka Madibira. Ndio huyu."

Minza akanitazama upya, kwa haki kabisa, kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama ana nywele," akasema. "Mama anatembea." Baba yake alipomshika mkono ili amsogeze kwangu, alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kilio cha mtoto anayepelekwa kwa watu asiowajua. Nikamwambia Masanja amwache. Nikageuza uso ukutani nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Nimekwambia nitasema nilichomwambia mtoto, lakini kwanza nikwambie kile ambacho hakuambiwa. Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuwa ananiogesha. Kwetu mkamwana ndiye anayemchotea mkwe maji ya kuoga. Kuogeshwa naye ni aibu isiyo na jina, na kila alipokuwa ananivua nguo nilifumba macho, kana kwamba nisipomwona na yeye haoni. Nikamuuliza nikiwa nimefumba hivyo hivyo.

"Mama, kwa nini hamkumwambia kwamba naumwa?"

"Angeelewa nini mtoto wa miaka mitatu?"

"Hata kuku akiumwa, Minza anaelewa."

Aliendelea kunisugua mkono. "Ulienda Madibira, au mimi nimetunga? Mimi nilinyamaza tu."

"Miezi yote hiyo?"

Akatua kitambaa kwenye beseni. "Masanja alinipigia simu kutoka Mbeya analia," akasema. "Mimi nimezika watoto wawili. Mtu akikawia shambani, mtoto anamuuliza leo, anamuuliza kesho, halafu anamuuliza siku moja moja. Inaisha taratibu. Nilitaka imwishe taratibu."

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama usoni, si mwilini. Nikaelewa kwamba alikuwa ananizika polepole ndani ya kichwa cha mwanangu, ili siku ya msiba isimkute hajajiandaa. Nilikasirika, na papo hapo nilimwonea huruma. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu muda mrefu, hakuna kilichompisha mwenzake. Akamaliza kuniogesha, akanipaka mafuta miguuni, kila kidole.

Siku hiyo hiyo Minza alipoletwa na harufu ya uji, nilimwambia. Hili ndilo jibu lako, dada wa Chimala. Nilisema, "Mimi ni mama yako. Nilienda Madibira, nikaumwa mgongo, nikapelekwa hospitali, nikanyolewa nywele. Sasa napona. Lakini ukitaka kuniita mgeni, niite, nitaitika." Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haya, mgeni," akaomba uji. Nikawakataza wote nyumbani wasimlazimishe tena. Masanja alisema huo ni ujinga, mtoto anachapwa kidogo anakubali. Nikamwambia nikitaka kuitwa mama kwa fimbo nitamwambia.

Basi nikawa mgeni wa Minza. Na mgeni kwetu anatunzwa, usione. Alininawisha mikono kabla ya kula, akamwaga nusu ya maji godoroni. Alinifukuzia kuku. Aliwakataza wenzake kupiga kelele mlangoni. Choo cha chini, kile chombo cha kujisaidia kitandani, alikuwa anakitoa bibi yake, na zile dawa, kama unavyojua, hugeuza rangi ya mkojo. Siku alipochungulia alitoka mbio hadi kwa majirani: "Mgeni anakojoa soda! Ya machungwa!" Mama mkwe aliweka kile chombo chini akacheka hadi akashika ukuta. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu siku ya beseni.

Siku chache baadaye, akiwa bado na uchangamfu huo, mama mkwe alisema kwa utani huku ananiwekea mto, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sote tulikuwa tumeusikia msemo huo tangu utotoni, isipokuwa mmoja wetu. Baada ya muda tukasikia kitu kinaburuzwa barazani. Minza akaingia kinyumenyume, anavuta jembe la baba yake kwa mpini, amekunja uso kwa kazi. Akalilaza vizuri kando ya godoro langu.

"Jembe lako," akasema. "Siku zimeisha."

Nilicheka hadi mgongo ukanikemea. Kisha nikaona amesimama pale anasubiri, wala hatanii. Alikuwa amenipa kazi. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa kazi tangu siku niliyokaa juu ya nyasi za mpunga.

"Mwenyeji wangu," nikamwambia, "mimi kulima bado siwezi. Niletee ungo na mchele. Nitachagua, wewe utanisaidia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nililala kwa ubavu, ungo ukiwa kati yetu, macho yangu na yake yapo sawa. Kitu kimoja ambacho ugonjwa huu ulinipa, na sikuuomba, ni kuishi kwenye kimo cha mtoto wangu. Nilijua chini ya meza kuna nini. Nilijua sisimizi wanapitia wapi. Nilimwonyesha Minza mchele mzima, chenga, vijiwe, na ile punje ya mpunga iliyokwepa mashine ikabaki na ganda lake. Kila aina tukaipa mahali pake kwenye ungo. Mwanzoni alichanganya, baadaye akawa ananisahihisha mimi. Vijiwe tulivihesabu. Alikuwa anaruka saba kila mara, sijui saba ilimkosea nini.

Baada ya siku chache nikaona anatenga punje nzuri kuliko zote, zile ndefu zisizo na mkwaruzo, anazitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka.

"Hizo za nani?" nikauliza.

"Za mama. Nitampelekea Madibira."

Nikapumua kama nilivyofundishwa Iringa, hadi chini. Kisha nikachagua punje moja ndefu, nikamwekea kwenye kopo. Kila siku nilichagua punje za kujipelekea mwenyewe mahali ambapo sikuwepo. Kuna siku liliniuma kuliko mgongo. Na kuna siku nilifurahi, kwa sababu kopo lilikuwa linajaa, maana yake bibi yake hakufaulu. Haikuwa imemwisha.

Ni yeye aliyegundua kupumua kwangu. Aliniona nimefumba macho, mkono tumboni, akauliza nafanya nini. Nikamwambia nafanya mazoezi, tumbo linapanda na kushuka. Akaenda kumleta mtoto wake wa gunzi, akamlaza juu ya kitovu changu. "Mbembeleze," akaagiza, "asiamke." Basi nikawa nambembeleza gunzi kwa pumzi, juu, chini, na Minza amepiga magoti anamlinda kwa macho, hata yeye pumzi yake ikafuata yangu bila kujua. Nikikosea kwa maumivu gunzi linaanguka, yeye ananiambia, "Pole, mgeni. Anza tena." Sijapata mwalimu mvumilivu kama huyo.

Mchezo mwingine ulikuwa wa kusikiliza. Tunafumba macho, tunanyamaza, halafu kila mtu anataja alichosikia. Mimi nitasema mashine ya kukoboa, kengele ya ng'ombe, trekta. Yeye atasema kuku anakuna, uji unapasuka mapovu, bibi anafungua kitambaa cha ugoro. Alikuwa ananishinda, na alijua. Mwalimu wa chekechea ya kanisani alikuja kunijulia hali akatukuta tumefumba macho wote watatu, na mama mkwe naye yumo. Akasubiri mlangoni hadi tulipofumbua. Akasema watoto wengi humfikia hawajui kutulia hata kidogo, huyu nimpeleke tu. Minza akamjibu kwamba hawezi, ana mgeni.

Mvua zikaja. Kwa wakati ule nilikuwa nakaa, nimefungwa mkanda, na nimeshaanza kusimama nimeshika mabega ya Masanja. Alasiri moja ilinyesha mvua ya Usangu yenyewe, ile inayopiga mabati hadi mtu akiongea unamwona mdomo tu. Radi ikapiga karibu. Bibi yake alikuwa palepale mlangoni, mikono wazi. Minza akampita, akaja kujitupa kwenye godoro langu, akaingia chini ya kwapa, miguu ya baridi juu ya miguu yangu. Na mimi nikaisikia baridi hiyo, kidole kwa kidole.

Alilia, "Namtaka mama." Nikamkumbatia. Sikusema ndiye mimi. Nilikuwa nimeshasema. Nikaweka mkono wake tumboni kwangu, panapolala gunzi, nikapumua. Alipotulia akanisogelea sikioni.

"Mgeni, mama ananyeshewa?"

"Hapana," nikasema. "Mama amelala pakavu."

"Anaogopa radi?"

"Hivi sasa haogopi."

Akafikiri kidogo, akalala. Mama mkwe alikuwa amesimama bado mlangoni. Alisikia yote. Akaja akatufunika khanga yake, wote wawili, akaketi pembeni ya godoro akitazama mvua, na mkono wake ukawa juu ya kifundo cha mguu wangu. "Nilikosea, mwanangu," akasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Mimi nikamwambia, "Wabeja, mayu," yaani asante mama. Sikuwa na jingine, na lilitosha.

Msimu wa kupandikiza ulipita nikiwa mtu wa kukaa barazani. Niliona wanawake wenzangu wakipita na miche asubuhi, wakinipungia. Kila mwezi nilikwenda Chimala kuchukua dawa, kwanza nikiwa nimebebwa, kisha kwa magongo mawili, kisha kwa fimbo moja. Nywele zikaota, nikazifunga vitutu. Minza alianza chekechea asubuhi, na mchana alikuwa ananifundisha alichofundishwa, akiwa mkali. Saba aliipatanisha na wenzake. Lakini bado aliniita mgeni, na kopo bado lilikuwa juu ya kabati, linajaa. Wakati mwingine nilidhani anajua, anashikilia tu. Wakati mwingine nilimwona anatazama barabara ya Madibira, nikajua hajui.

Mavuno yakarudi, na mimi nikamaliza dawa. Daktari alinionyesha picha ya mgongo wangu, akasema mifupa imeshikana, umepinda lakini ni mzima. Nikamwambia hata fimbo nzuri haikosi kupinda kidogo. Tulipopanga safari ya kambini, Masanja alitaka nibaki. Nikakataa. Nilitaka kuona zile nyasi nikiwa nimesimama. Minza akasikia neno Madibira, akatoka na kopo lake kifuani, kiatu kimoja mguuni.

"Tunaenda kwa mama," akasema. Tukatazamana sisi wakubwa. Njia nzima alilishika kopo kwa mikono miwili, na mimi nilishika fimbo yangu vivyo hivyo.

Tulipofika, wanawake wa kambi waliacha kupiga mpunga wakaja mbio na vigelegele. "Mama Minza! Mama Minza karudi!" Walinishika mabega, wakanigeuza, wakaugusa mgongo, mmoja akalia. Minza alikuwa amesimama kando, anawatazama midomo yao. Kisha akageuka akaondoka. Masanja akataka kumfuata, nikamshika mkono. Pale kambini unaona mbali.

Alipita juu ya tuta la jaruba, taratibu, kopo kifuani. Alikwenda hadi kwa wanawake waliokuwa bado wanakata, akamchungulia kila mmoja usoni. Akaenda kwenye turubai la pili la kupigia mpunga. Akaenda kwenye marundo ya mpunga, akayazunguka. Akasimama katikati peke yake, amefumba macho, na nikajua anasikiliza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Kama angemkosa mama yake kule na asingempata hapa, ningekuwa nimemfanya afiwe mimi mwenyewe.

Alirudi kwa tuta lile lile. Akasimama mbele yangu, miguu imejaa makapi.

"Lala," akasema.

Nikalala chali kwenye mkeka. Akapiga magoti, akaweka kopo tumboni kwangu, mahali pa mtoto wa gunzi, akaliachia. Likapanda, likashuka. Akalitazama muda mrefu, pumzi yake ikafuata yangu.

"Nimekutafuta kule kote," akasema, "haupo."

"Nilikuwa wapi?"

Akanionyesha kwa kidole palepale nilipolala. Kisha akalichukua kopo akafungua kifuniko, akalileta karibu na uso wangu ili nione vizuri.

"Mama, mchele wako. Nimeutoa vijiwe vyote."